Waya wa Ethi

Gafuru wa sinaiya alitaka riyali mia na sabini.
Akalipiga teke tairi la mbele, akasema: uza.
Mundhiri, kaka yangu, hata hakuliangalia. Uza.
Basi nikenda Wadi Kabir, kwenye makaburi ya magari,
nikanunua grisi, oli-sili mbili, beringi zilizotumika,
nikarudi Ibra na boksi mapajani
kama aliyebeba sahani ya harusi.

Patrol ya mwaka tisini na nne. Ya baba.
Ikikata kulia inagonga: ko, ko, ko,
kama mgeni asiyejua kuwa kengele ipo.
Ikifika themanini usukani unashikwa na homa.
Na jicho la kushoto halioni, tangu Ramadhani.

Saa tatu usiku, digrii thelathini na nane.
Jeki chini ya ekseli, jiwe nyuma ya tairi,
jiwe la pili, maana jeki hii naijua.
Mama kakaa juu ya ndoo, kashika tochi.

Tochi ya mama hufuata maneno yake.
Akimtaja shangazi Thuwaiba, mwanga unakwenda ukutani;
akikumbuka bei ya mbuzi, unapanda mtendeni;
mimi na nati tumebaki kizani.
"Hapa, mama."
"Si ndipo hapo?"
"Hapa."
"Baba yako alikuwa haombi kumulikiwa."

Uongo. Alikuwa akiniomba mimi.
Miaka saba nilimshikia, macho yakinifumba,
na mwanga ukiteremka naye huniamsha
kwa jina langu tu, bila hasira: Zeyana.
Ndivyo nilivyojifunza: spana, washa, shafti, gololi.
Shule nilisoma kwa Kiarabu, kazini naandika Kiingereza,
lakini gari hili halijapata kuambiwa "legea, mwana wee"
kwa lugha nyingine yoyote.
Nikifika sinaiya naonyesha kwa kidole.

Kifundo kikafunguka. Grisi ya ndani
imekuwa halua iliyoungua,
na mchanga unasagika humo badala ya lozi.
Nikaichomoa shafti, nikaifuta kwa kanzu yake kuukuu,
nikazihesabu gololi kiganjani.
Tano.
Nikahesabu tena. Zinatakiwa sita.

Mama akanyamaza.
Kwa mara ya kwanza usiku ule mwanga ukatulia,
ukatambaa sakafuni polepole,
ukapita chini ya difu, ukapita ndara zangu, bakuli la paka,
ukasimama.
"Ile pale," akasema. "Inameremeta."

Jointi ya kulia nikaihamishia kushoto, ya kushoto kulia.
Hila ya baba: chuma huchoka upande mmoja,
mgeuze, atakufanyia kazi miaka miwili mingine.
Kucha zangu zimekuwa nyeusi. Hospitali
wagonjwa wananiangalia mikono kabla ya sindano.

Usiku wa tatu, taa.
Balbu mpya: kimya. Fyuzi nzima. Rilei inasema tik.
Nikaufuata waya kwa kidole, kama anayesoma juzuu,
mpaka nyuma ya betri, kwenye bolti moja ya namba kumi,
imeota kutu ya kijani.
Waya wa ethi.

Baba alinieleza mara moja, nina miaka kumi na moja, nataka kulala:
umeme hauwaki kwa kwenda tu.
Usipokuwa na pa kurudi, hauwaki.
Nikamwambia mama vile vile, kinywa kimeuma spana.
Mama, mzaliwa wa Wete, hakujibu.
Akaizima tochi.

Msasa. Bolti. Robo mzunguko, na robo nyingine.
Nikawasha.
Ukuta wa jirani ukajitokeza wote kwa pamoja:
nyaya za dishi, kikoi kilichosahauliwa kambani,
paka katikati ya dhambi yake.
Mama akasimama mbele ya gari, macho kayafinya,
akaugeuza mkono wake mwangani, nje na ndani,
kama anayechagua kitambaa.
"Zima sasa. Utaimaliza betri."

Nikaziacha kidogo.
Ya kushoto imeelekea juu mno,
inamulika mtendeni.
Hiyo kesho.