Makochi Yanayomeza Watu

Saiq, Januari, baridi inang'ata masikio,
na sisi watu wa Maskati, tuliozoea kulikimbia jua,
tumepanda mlima kuja kuutafuta moto.

Nyumba mpya. Kuta bado zanuka saruji.
Meko yapo ukuta wa magharibi;
fundi wa Sialkoti kaijenga dohani kwa siku tisa
akatuapia moshi hautorudi ndani.
Ulirudi mara moja tu, siku ya kwanza,
tukalia wote bila msiba.

Sasa swali ni moja: tukae tukitazama nini?

Mundhir kaja na televisheni pana kama mlango wa gereji,
anasema ipande juu ya meko, ndivyo alivyoona dukani Ghala.
Namwambia, mume wangu, hiyo si nyama ya mshakiki,
ukiitundika hapo itaiva.
Basi ikahamia ukuta wa kaskazini,
na tangu hapo kila kitu humu ndani kina shingo mbili.

Kochi refu likitazama moto, televisheni linaipa ubavu.
Likitazama televisheni, miguu yaganda.
Nikalilaza mshazari, kama msafiri asiyejua kibla;
Raiyan akalivuta hadi kwenye soketi,
simu yake imebakiwa na asilimia nne.
Meza ya tende haipati pa kusimama.
Chetezo nimekiweka mara tatu, mara tatu kimepigwa teke.
Nimepima kwa futi, nimepima kwa shibiri,
mwisho nimepima kwa makalio:
nikikaa hapa naona nini,
nikikaa pale nani hanioni.

Bi Ghaniya, mama mkwe, kasimama muda wote huo
na bakora yake na shali mbili,
kama karani wa bandari anayehesabu magunia ya wengine.
Tumemchagulia pahala pazuri kuliko pote:
karibu na makaa, mbali na upepo,
mto wa mgongo, mto wa kiwiko.
Kakaa. Kazama.
Tukamvuta wawili, huyu mkono huu, huyu mkono ule.
"Makochi yenu yanameza watu," kasema,
akatoka zake barazani
akarudi anaburura kiti cheupe cha plastiki,
kile alichokuwa akikalia fundi,
kina tone la rangi ya buluu mguuni.

Akakiweka. Kisogo kwa moto.
Kisogo kwa televisheni.
Uso kwa mlango.

"Mama, hapo hutaona kitu."

"Moto nausikia mgongoni. Habari nina masikio.
Vyote viwili mmevigongomea ukutani, havendi popote.
Anayekwenda na kurudi ni mtu."

Wete aliiacha akiwa na miaka kumi na tisa,
na katika nyumba saba alizohamia baadaye
sijapata kusikia kwamba aliupa mlango mgongo.
Nilitaka kumuuliza. Maziwa yakafurika jikoni.

Usiku akaja jirani wa nyumba ya chini
na chupa ya maji ya waridi, imefungwa kwa gazeti.
Kabla hajafikisha hodi ya pili
Bi Ghaniya keshasema karibu,
na sisi sote, tuliotazama mpira na tuliotazama makaa,
tukageuza shingo kwa pamoja
kama mbuzi waliosikia ndoo.

Asubuhi nilifagia.
Zulia jipya lina vishimo kila mahali,
nyayo za makochi yaliyokwenda yakarudi.
Vinne tu, karibu na mlango, havina kina:
kiti chepesi, na aliyekikalia mwepesi.
Ufagio nikaupitisha kando kando.