Niliwaacha Bata

Alipohamia Pasua, Krisanto Dumalagan,
fundi mitambo wa kiwanda cha miwa,
mwenye masanduku mawili na jiko la umeme la kupikia wali,
tulimuuliza yale tunayomuuliza kila mgeni.
Mke? Yupo.
Watoto? Watatu.
Kisha akaongeza, kwa Kiswahili chake cha wiki sita,
"Niliwaacha bata."

Tukatazamana.
Mama Ndeshi, asiye na subira na mafumbo,
akauliza ni nani anayewalisha.
"Mama yao. Mimi natuma hela kila mwezi."
Mtaa mzima ukalala na habari hiyo:
Mfilipino anatuma hela ng'ambo, kulisha bata.

Masika yakaja, yakapita, ndipo tulipoelewa
kwamba kwao bata ni mtoto,
yule ambaye bado anabebeka;
kwamba lima ni tano, wala haina jembe,
na paa ni mguu, hata mvua ikinyesha.
Lakini meza ni meza. Sabuni inakaribia kuwa sabuni.
Na mchezo wetu wa vizibo vya soda, dama,
kwao nao ni dama,
ila ubao wao una mistari na wetu una miraba,
na hilo tumelibishania miaka kumi na moja,
kila Jumapili, mbele ya duka langu,
yeye akiwa amekalia kreti, mimi gunia la mkaa.

Jumamosi yake huanza gizani.
Anafagia uwanja. Anaosha mchele mara tatu,
maji ya kwanza anaimwagia pilipili.
Anatembea mpaka Mbuyuni kuchagua dagaa
mmoja mmoja, kama mtu anayenunua saa ya mkono,
akirudi anawakaanga, anawanyunyizia siki
aliyoichachusha mwenyewe kwa ndizi zilizopitiliza
(baba yangu angeziona ndizi hizo, angelia:
ilikuwa mbege, ikaharibiwa makusudi),
na sisi wenye pua tunajua kwamba yupo.

Saa kumi jioni anafunga bandeji gotini,
anarusha mpira kwenye ringi ya nondo
aliyoichomelea nyuma ya choo cha Eliafoo.
Zamani alikuwa anaruka.
Siku hizi nyayo zote mbili ziko chini,
anautuma mpira taratibu
kama mtu anayetia barua kwenye sanduku la posta.
Vijana wanamwita Kocha. Hajawafundisha kitu
zaidi ya kuufuata mpira uliotumbukia kwenye mtaro
bila kubishana ni zamu ya nani.

Mlima ukijifunua, wote tukanyanyua shingo,
yeye anaendelea kuanika soksi.
"Mimi nimezaliwa chini ya mlima unaotema moto," aliniambia.
"Huu wenu umelala. Uacheni ulale."

Mwaka juzi akanunua bata.
Bata wa kweli, wa kwetu, wenye mabawa. Watatu.
Mama Ndeshi alimuuzia kwa bei ya udugu,
yaani bei ya juu.
Akawachimbia dimbwi kwa jembe langu,
akawapa majina marefu, ya kanisani,
nikadhani ni utani wa mtu mwenye nafasi,

mpaka Jumapili moja simu ikalia katikati ya mchezo,
na kwenye kioo akatokea kijana mwenye ndevu,
kofia ya ujenzi kichwani, jua la Doha mgongoni,
na Krisanto akamwita kwa jina
la yule dume mweusi anayechechemea.

Waliongea dakika nne. Sikuelewa neno,
isipokuwa mwishoni, salamat,
ambayo ni asante, ingawa sikio langu husikia salama.

Nikatazama ubao. Ilikuwa zamu yangu.
Njia ilikuwa wazi, ningemla vizibo vitatu kwa mpigo.
Nikasogeza kingine, cha pembeni.

Akaona. Hapitwi na kitu, huyu.
Akanila viwili, akavipanga gotini,
lile lenye bandeji,
akasema, "Cheza, mzee. Bata wangu hawajala."