Mahudhurio

Jumanne moja kila mwezi natoka Buruburu alfajiri,
nafika Upper Hill, ghorofa ya tatu, kiti cha dirishani,
nakunja mkono wa sweta.
Kingamwili za watu nisiowajua zinaniingia tone kwa tone.
Damu yangu haifumi zake.

Miaka kumi na mmoja niliamini kasoro ni hiyo tu:
kiwanda kimefungwa, basi tununue dukani.
Bei naijua. Iliuza gari, kisha kipande cha Nyamira.

Leo Daktari Bonareri ameigeuza skrini upande wangu.
"Mwalimu," akaanza
(daktari akikuita kwa cheo, kaa vizuri),
"safari hii tumehesabu na seli T."

Mimi nafunza darasa la sita. Orodha hainitishi.
Nikaisoma ile safu kama sajili ya asubuhi ya Julai,
baridi ikiwa imewabakiza nusu yao kitandani.
Seli changa, zisizowahi kuonana na adui,
zile zinazongoja kufundwa:
chache, za kuhesabu kwa vidole,
kama dawati la Mutheu na pacha wake siku ya mvua.
Na zilizopo?
Maveterani. Wamekariri kikohozi kimoja
tangu mwaka wa mafuriko,
bunduki begani, hawataki kuketi,
adui kaondoka zamani wao bado wanafyatua.
Kumbe ndiyo maana tumbo huniwaka bila kula pilipili.
Kumbe bandama.

"Sasa hii chupa inajaza nini?"
Hakunidanganya. Pengo moja, alisema.
Mfumaji na msimamizi wake walikuwa wakitegemeana,
nani alianza kumwangusha mwenziwe
hatujui.

Hatujui.
Nililigeuzageuza neno hilo hadi chupa ikaisha.
Halikuwa chungu kama nilivyodhani.
Lilikuwa na ladha ya chaki.

Saa nane nilikuwa darasani, plasta mkononi.
Barasa akauliza, "Mwalimu, umechanjwa?"
Nikamjibu, "Nimeazimwa."
Akacheka, hakuelewa, akarudi kwenye sehemu zake za desimali.

Nikafungua sajili.
Wasiokuwapo sikuwatia sifuri.
Niliwawekea kinukta cha penseli, hafifu,
kinachofutika kwa kidole.
Mutheu huchelewa, huyo.
Kuna siku huja saa nne,
viatu mkononi, matope hadi magotini,
na ananyoosha mkono kabla hata sijauliza swali.