Kiberenge cha Saa Nne

Tiketi elfu kumi na tano, wageni wa nje bei nyingine.
Kofia niliyopewa ina vifungo vya shaba
ambavyo Mufindi haikuwahi kuviona.
Nimefundishwa kusema Kamwene, huku nikitabasamu,
kisha nisome karatasi:
reli ya futi mbili, kilomita kumi na moja,
ilijengwa na Kampuni.

Hapo huwa nameza mate.
Kampuni haikuwa na mabega.
Mataruma yalipanda mlima juu ya watu
waliosukumwa na kodi kutoka Ukinga na Ubena,
na wengine wao ukungu uliwafunika, haukuwafunua tena.

Kichwa cha treni kilikuwa kifupi,
kama ng'ombe aliyepiga magoti.
Kikifika kwenye mwinuko kinakohoa,
nasi tukakiita Kikohozi.
Abiria hakikubeba. Kilibeba majani.
Shangazi Leokadia alichuma tangu mikono haijapata joto,
akabeba tenga mpaka relini,
akalipandisha behewani,
yeye akarudi kwa miguu kandokando ya mataruma,
majani yake yakimpita, yamekaa.
Nyapara alisema: jani likichelewa linaoza,
mtu akichelewa anafika tu.

Halafu yakaja malori.
Kikohozi kilinyamaza masika moja, hakuna aliyekiaga.

Reli hazikufa, zilihama.
Moja ikawa mwamba wa goli,
mbili zikalala juu ya kijito, wanakwaya wakavukia,
sita zikazungushia nguruwe wa mzee Kihwele
(hakuna nguruwe aliyewahi kutoroka),
na kipande cha urefu wa mkono
kikaning'inia kwenye mkaratusi wa shule,
kikawa kengele.

Mwekezaji alikuja na tepu na picha za zamani.
Alinunua kwa kilo, nyumba hadi nyumba.
Kihwele sasa anafuga kuku.
Goli limerudi kuwa mti.
Mwalimu Mgaya peke yake alikataa:
"Watoto niwaamshe na nini? Na mluzi wa watalii?"
Ndiyo maana baada ya kilomita ya nne
kuna kiraka cha chuma kigeni, kimezidi wenzake unene,
na behewa likipita linaruka kidogo.
Wageni hucheka, hushika kofia.
Nawaambia: hapo ni shule.

Jumamosi iliyopita nilimkatia shangazi tiketi.
Alikaa ukingoni mwa benchi,
kama mtu atakayeambiwa ainuke.
Darajani akauliza,
"Majani yako wapi?"
Nikamwambia hakuna majani, shangazi,
siku hizi mzigo ni sisi.
Akanyamaza kona mbili nzima, chai ikipita kijani, kijani,
wachumaji wakituangalia bila kupunga mkono.
"Basi," akasema, "watupime."

Kiwanda cha zamani kimepakwa chokaa, kinauza keki.
Mizani bado ipo pale mlangoni,
ina kibao: Karibu upande.
Watu hupanda, hupigana picha, huvuta matumbo ndani.
Shangazi alipanda na viatu vyake, na mkoba,
na khanga ya pili begani.
Sindano ikatetemeka, ikakaa kwenye arobaini na tatu.

Alhamisi zahanati walimpima: arobaini na sita,
bila viatu.

Alishuka taratibu. Akaigonga ubavuni kwa kiganja,
kama unavyomgonga mtu mliyesoma naye.
"Tatu," akasema. "Zilezile."
Na akaagiza chai, akaiacha ipoe.

Karatasi yangu haina mstari wa kilo tatu.
Nimeuandika kwa kalamu ya wino, pembeni,
mbele ya neno Kampuni,
na mwandiko umeniponyoka kwa kuwa behewa liliruka.
Kiberenge cha saa nane kina watu kumi na wawili.
Kamwene. Shikeni mbao. Tunaanza.