Konzi

Hapa milima imelibana ziwa, ziwa limelibana kanisa,
na makaburi hayafiki mia. Maiti wetu hupangisha:
miaka kumi na mitano, kisha unatolewa,
unampisha jirani.

Ndiyo kazi yangu, mimi Kreszenz, binti wa mchimba kaburi.
Nasugua bupuru kwa brashi ya kucha,
naliweka dirishani hadi jua lilitakase,
halafu naandika jina na mwaka kwenye paji la uso.
Majani ya mwaloni kwa wanaume, waridi kwa wanawake.

Leo ni zamu ya Bibi Ottilie,
mwalimu wangu wa darasa la pili.

Konzi zake! Zilikuwa na pete.
"Kichwa maji wewe! Herufi zako zimelewa,
zinaegemeana kama wanaume wa Jumamosi."

Nilikuwa nimempindua akauke ndani.
Usiku mvua ikanyesha, asubuhi nimemkuta amejaa pomoni.
Nimemmwaga polepole kwenye chungu cha maua.
Kichwa maji, Bibi.
Nikacheka, kisha nikatazama barabarani kama kuna aliyeniona.

Wageni wanaoshuka kwenye meli ya saa nne
husema fuvu linacheka.
Halicheki. Midomo imeondoka,
meno yamebaki kama uzio usio na nyumba.
Huniuliza maana yake: kifo? sumu? maharamia?
Mimi sijui.
Najua macho hayana pazia, na matundu haya hayana hata macho.
Najua ulimi hauna mfupa,
ndiyo maana haukungoja kuandikwa jina.
Matusi yote yaliondoka nao.
Kilichobaki kinaenea viganjani,
chepesi kuliko mkate.

Nimekunja konzi.
Nimempiga, mara moja, si kwa nguvu.
Ameitika kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama,
na utosi uliowasha
ni wangu.

Basi nimemchorea waridi tano, moja bado halijachanua.
Jina nimeliandika kwa rula.
Zile T mbili zimesimama wima
kama watoto siku ya mkaguzi.

Nimemweka rafuni, kati ya Hias mwokaji
na mtoto wa posta aliyezama.

Mimi ataniandika Valtl, mjukuu wangu,
ambaye herufi zake, nakiri, zimelewa.
Juzi nilimkunjia konzi.
Nikaifungua,
nikamtoa rangi ya kijani kwenye nywele.