Mguu wa Tano

Mwalimu wa sanaa kaenda Norwe
kufungasha samaki kwenye barafu, mshahara mara tatu.
Mkuu wa shule akafunua ratiba, akanitazama juu ya miwani:
"Danutė, Alhamisi una saa mbili tupu.
Chukua darasa la pili. Sanaa haina jibu,
huwezi kukosea."

Mimi ni wa hesabu. Miaka ishirini na sita
nimekula mkate wa jibu moja.
Nikabeba mitungi iliyokuwa ya matango ya siki,
nikaijaza maji, nikagawa brashi zenye upara
na rangi zilizopasuka kama tope lililokauka,
nikaandika ubaoni: MNYAMA NIMPENDAYE.
Nje, Novemba ya Rokiškis, ukungu hadi magotini,
saa nne asubuhi na taa bado zinawaka.
Jikoni, bitiruti zinachemka.

Skaistė akapaka mbingu kijani. Nikanyamaza.
Gvidas akachora paka, akamfunika rangi nyeusi, wote,
akasema ni usiku na paka yumo.
Nikanyamaza, ingawa kwa shida.
Lakini farasi wa Vaidotas alikuwa na miguu mitano,
na tano, jamani, ni kitu ninachokijua.
"Hesabu," nikamwambia.
Akahesabu kwa sauti, kidole kikiacha doa la kahawia
kila kilipotua.
"Farasi ana mingapi?"
"Minne."
"Basi?"
Hakujibu. Akachukua kifutio.

Rangi ya maji haisikii kifutio.
Alisugua mpaka karatasi ikaota manyoya,
akasugua mpaka ikatoboka, chini ya tumbo,
na kupitia tundu nikaiona meza
na nusu ya jina lililochongwa na mtoto
ambaye leo, bila shaka, ana watoto.

Kengele. Wakakimbilia supu.
Vaidotas akabaki akifunga kamba ya kiatu,
kamba iliyokuwa imefungwa tayari.
Akasema ameinama, akikiambia kiatu:
"Ni farasi wa babu. Alikuwa anakuja.
Akisimama ana minne.
Akija, mmoja unakuwa kule na bado uko hapa."

Usiku ule sikusahihisha madaftari.
Nilichukua bahasha ya bili ya umeme, upande mtupu,
nikajaribu kumchora mama akikanda unga mweusi wa mkate.
Mkono wa kushoto umeshika bakuli,
wa kulia umezama hadi kiwiko.
Na ule ulioniondolea nywele machoni
bila yeye kugeuka, bila kuacha kukanda?
Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu.
Mkono wa tatu nikauchora kwa wino,
usifutike.

Alhamisi iliyofuata nilikuja na gundi na kiraka cha karatasi.
"Mrudishie mguu wake," nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi,
hajui kama aseme au atie mfukoni.
Hakuuweka pale alipoufuta.
Alifikiri sana, ulimi nje,
kisha akauchora mbele kabisa, mbali na mwili,
kwato ikigusa ukingo wa karatasi.
"Wiki nzima imepita," akanieleza, kwa upole,
kama anayemfundisha mzito.
"Sasa amefika huku."

Darasa la pili halitiwi alama, huandikiwa sentensi.
Mwisho wa muhula nilikuwa na kumi na tisa za kuandika.
Nyingine zilikuja zenyewe: *Haogopi kijani.*
*Huosha brashi bila kuambiwa.*
*Anajua paka yuko wapi.*
Kwa Vaidotas nilikaa mpaka chai ikafanya utando.
Nikaandika, nikakata,
nikaandika tena vile vile:
*Anajua kuhesabu.*