Kisogo

Walimkamata Jumanne alfajiri. Kufikia saa nne
kibanda changu cha kinyozi, hapa Ngara,
kilikuwa kimejaa watu wasiotaka kunyolewa.
Walitaka kiti. Kile cha pili, chenye ngozi iliyochanika,
alichokikalia Jumamosi akiwa ameinamisha kichwa,
akisema: punguza pembeni, juu acha kidogo.

"Ulimwona?"
Niliona kisogo. Kinyozi huona kisogo, masikio, mba,
kovu la mtoto aliyeanguka zamani akainuka bila kulia.
Uso niliuona kiooni tu, kinyumenyume,
kama wanavyouona wao sasa.

Mama Mbeke wa vitunguu alijua kwamba hakuwahi kula nyama.
Bawabu wa hosteli alijua kwamba alikula nyama mno.
Fundi wa simu akasema, macho yale, hebu tazameni macho yale,
na picha yenyewe ilikuwa ya kitambulisho,
picha ambayo hata askofu humgeuza mwizi wa kuku.

Kisha likaja suala la jina.
La kwanza ni la ubatizo, halisaidii.
La tatu wakaligeuzageuza kama noti wanayoishuku:
huyu si wetu, kwetu hilo ni jina la mto,
sikiliza linavyoishia, ni la kwenu hilo.
Ilipogonga adhuhuri hakuna kabila lililomzaa.
Alijizaa, nadhani, papa hapa,
kati ya duka la vioo na duka la vyandarua.

"Lisemwalo lipo," akasema Odera wa mitungi ya gesi.
Halikuwapo.
Tulilitafutia kiti, likakaa.

Nami nisijitie hamnazo.
Waliponikodolea macho, mashine ingali inanguruma mkononi,
nilisema: shingo yake ilikuwa baridi.
Nilisema mara moja tu. Kibanda kizima kikavuta pumzi.
Jioni ile ile, shingo yangu ikarudi kutoka Pangani imekua.
Mtu nisiyemjua akanisimulia, mimi mwenyewe,
kuhusu kinyozi fulani aliyeona damu kwenye ukosi wa shati
akanyamaza kwa kuwa alilipwa.
Nikacheka. Kisha nikafunga mapema.

Shingo ilikuwa na joto. Shingo zote huwa na joto.
Alinipa mia mbili, akangoja chenji ya hamsini, akashukuru.
Sijui niiweke wapi shukrani ile.
Huenda aliua.
Huenda alipita tu mbele ya kamera usiku ule
na pakiti ya unga kwapani.
Hakimu ameomba siku kumi na nne.
Sisi ilitutosha asubuhi moja.

Walikuwa watatu. Imebidi nihesabu upya,
maana kutwa nzima sikuwasikia wakitajwa ila "wale".
Kalekye, mwaka wa pili, maabara.
Nyaboke, aliyekuwa akicheka kabla mzaha haujafika mwisho.
Na Lekishon, mteja wangu, aliyetaka mstari upande wa kushoto,
mwembamba, na kila mara akinionya: usiuvushe sikio.
Nilikuwa nauvusha. Alikuwa anarudi.

Jana amekuja kijana na kamera, akaniomba nisogee pembeni.
Akapiga picha kiti. Akapiga mashine.
Akapiga nywele zilizokuwa sakafuni,
nazo zilikuwa za mtoto wa nasari aliyelia hadi akatapika.
Mlango ulikuwa wazi, umeegemea ukuta,
kwa hiyo upande wa nyuma hakuuona,
pale ninapoandika madeni kwa chaki:
Leki, 40.